Kama majani yapo nyuma ya nyumba, vidonge vya nini?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi nipo Muheza, bibi yangu ana kichaka cha artemisia nyuma ya nyumba na sisi wote tangu wadogo tukishikwa na homa tunachemshiwa chai yake, ule uchungu acha tu. Sasa juzi kijana wa duka la dawa kaniambia dawa mseto ya malaria imetokana na mmea huohuo. Hivi si bora tunywe majani yetu ya asili bure, kuliko kununua kitu ambacho Wazungu wamechukua kwetu wakakichezea maabara halafu wanatuuzia?

JIBU: Marahaba mjukuu wa bibi, ila mimi ni mfamasia tu, udokta mmenipa nyie. Tuanze na hilo la "kwetu". Artemisia ya bibi yako ni mgeni hapa, kwao ni China, wanaiita qinghao, huku imeletwa kulimwa. Ni ukoo mmoja na pakanga ile ya kwenye Biblia, ndo maana uchungu unafanana. Na walioichezea sio Wazungu, ni Wachina wenyewe.

Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri ukaitwa 523, yaani tarehe 23 mwezi wa 5, maana askari wa Vietnam Kaskazini walikuwa wanaangushwa na malaria vitani na klorokwini, dawa ya malaria ya wakati huo, imeshaanza kugoma. Mama mmoja, Tu Youyou, akaingia 1969, timu yake ikapima mitishamba mingi tu, qinghao nayo ikawa leo inafanya kazi kesho hovyo. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya 4, akakuta imeandikwa chukua konzi ya qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Hakuna kuchemsha! Hapo akashtuka kwamba kumbe moto ndo unaharibu dawa, akaanza kuikamua kwa etha ambayo inachemka kwenye nyuzi 35 tu, hata joto la mwili wako halijafika, na mwaka 1971 dondoo lile likafagia vimelea vyote kwenye panya na nyani. 1972 wakaipata artemisinini yenyewe, fuwele nyeupe. Tuzo ya Nobel alikuja kupewa 2015, ameshakuwa bibi.

Sasa ungeniuliza, si wangeishia hapo? Hawakuishia kwa sababu artemisinini ni kaidi, kwenye maji haiyeyuki vizuri, kwenye mafuta pia inasumbua, sasa utamchomaje sindano mtoto aliyezimia? Ila ina kitu kimoja cha thamani sana, atomi mbili za oksijeni zilizoshikana kama kidaraja. Kimelea cha malaria kinakula himoglobini ya damu yako, na kikishakula kinabaki na chuma, kile chuma kinavunja kidaraja, vipande vinavyotoka hapo vinakiunguza kimelea kwa ndani. Yaani kinajiua kwa chakula chake mwenyewe, mi huwa napenda sana hii.

Kwa hiyo wakemia hicho kidaraja hawakukigusa kabisa. Wakaenda upande wa pili wa molekuli wakaongeza haidrojeni, ikapatikana dihaidroartemisinini (1973, ni huyohuyo Mama Tu), ina nguvu kuliko mama yake na ina sehemu ya kubandikia vitu. Ukibandika kipande kidogo cha methili unapata artemetha, hiyo inakubali mafuta, ndo iliyomo kwenye dawa mseto ya ALu. Ukibandika asidi ya saksiniki unapata artesuneti ambayo chumvi yake inayeyuka kwenye maji, hiyo unaichoma mshipani. Chukulia ni panga, makali yaleyale, kilichobadilishwa ni mpini. Na huo mpini umeokoa watu, utafiti uliotoka 2010 ulihusisha watoto 5,425 wenye malaria kali kwenye nchi 9 za Afrika, hapohapo kwenu Muheza wakiwemo, waliochomwa kwinini, ile dawa ya zamani, walikufa 10.9%, wa artesuneti 8.5%.

Chai ya bibi sisemi ni maji matupu. Ila kikombe cha leo na cha kesho havina kiasi kimoja cha dawa, jani lenyewe linatofautiana, na hata kilichoingia kinatoka kwenye damu baada ya saa chache, vimelea vilivyobaki vinaamka tena na safari hii vimeshaijua dawa. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019 kwamba halikubali majani wala chai kwa malaria. Kichaka akiache tu bibi, ila homa ikija nendeni mkapime.

SWALI: Nimemeza ALu siku mbili nikawa poa kabisa, vimebaki vidonge 8. Naweza kumtunzia mwanangu wa miaka mitatu?

JIBU: Hapana dada, vimalize vyote. Uliyoisikia siku mbili ni artemetha, inafanya kazi haraka halafu inaondoka. Vimelea vilivyobaki vinamalizwa na mwenzake lumefantrini anayekaa mwilini siku kadhaa, ndo maana ikaitwa mseto, na dozi ya mtu mzima ni 24, vinne asubuhi vinne jioni siku tatu. Wanaoishia njiani ndo wanaotufundishia vimelea, na vilivyoanza kuichelewesha artemisinini vimeshaonekana Rwanda, Uganda mpaka Kagera. Mtoto anapewa kwa kilo zake sio kwa mabaki yako. Na umeze na maziwa au chakula chenye mafuta, lumefantrini bila mafuta inapita tu. Ukitapika ndani ya saa moja, rudia hiyo dozi, halafu vikipungua njoo dukani uongezewe.