Ua lisilotaka kufunikwa

Mmeuliza wiki hii: "Ni mmea gani ulikushinda mara ya kwanza, na ulikosea wapi?" Wangu ni lobelia nyekundu, ule ambao wataalamu huuita Lobelia cardinalis. Ni ua la porini hapa Marekani, la kandokando ya vijito na vinamasi.

Niko Ohio mwaka wa tisa sasa. Nyuma ya nyumba kuna kona ambako maji yote ya paa huishia, tope tupu mpaka Juni. Nyasi zilioza, nyanya ndiyo usiseme. Bibi mmoja jirani akanipa miche mitatu ya lobelia, na mwezi wa nane ikawa imenifika kifuani, myekundu mpaka wapita njia wanasimama.

Kosa nilitoka nalo Marangu, kule Kilimanjaro. Mimi ni mtoto wa kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, na kwetu shina la mgomba halikai uchi: majani makavu, maganda, samadi, vyote hurudi pale chini. Baridi ilipoingia nikaona mashina yamekauka, na chini yake vijani vibichi vimelala kwa duara. Nikavihurumia, nikavifunika matandazo kimo cha shibiri. Aprili nilipofunua nikakuta uji mweusi.

Kumbe vile vijani ndivyo mmea wenyewe. Shina lililochanua hufa. Machipukizi ya pembeni ndiyo hukaa kijani hata chini ya theluji, yachanue mwaka unaofuata, nayo yanataka mwanga na hewa. Siku hizi kila Novemba napiga magoti kuyaondolea majani yanayodondoka kutoka kwenye miti. Mbegu nazo zina tabia ileile. Ni ndogo kama ugoro, ukizifukia hazioti. Nazilaza kwenye friji miezi miwili ndani ya mchanga wenye unyevu, kisha nazimwaga juu ya udongo na kuzikandamiza kwa kiganja. Maji tu ndiyo hayana mjadala.

Kinachonichekesha ni kwamba ndugu zake nilikuwa nawajua. Ujanani nilikuwa mgumu, nikiwabebea wageni mizigo Kilimanjaro, na huko juu ya kambi ya Horombo tulipita kati ya lobelia zilizosimama kama nguzo, zenye maji katikati ya majani yao, asubuhi yana utando wa barafu. Ndege waitwao chozi walikuja kunyonya maua yake. Hapa kazi hiyo anaifanya ndege mdogo kuliko chozi, ambaye hatui anaponyonya: ananing'inia hewani, mabawa yanavuma, mdomo umezama ndani ya ua.

Nilimtumia mama picha kwa WhatsApp.

"Mbuzi wanalila?"

Nikamwambia hapana mama, lina sumu.

"Sasa umelipandia nini?"