DT 175 ya mnada inanilemea kwenye matope: niipunguze uzito vipi?

Swali: Habari fundi. Natoa huduma ya uhimilishaji wa ng'ombe upande wa Njoro, Elburgon na Molo. Nilinunua Yamaha DT 175 kwenye mnada Kisumu, ilikuwa ya ofisi. Fremu ni nzima, lakini pikipiki ni nzito ajabu. Mvua ikinyesha nashuka nasukuma, na mtungi wa nitrojeni wa kuhifadhia mbegu umefungwa nyuma. Mlimani ni gia ya pili, mara nyingine ya kwanza. Vijana wa gereji ya hapa wananishauri nitoboe fremu na sproketi, nikate ekzosi, nitoe boksi ya hewa na pampu ya oili, kisha nitafute rimu za alumini. Tayari walinibadilishia jeti kuu ya kabureta (kile kitundu kinachopitisha petroli) wakaweka ndogo, na kweli ikapata nafuu. Nina shilingi elfu arobaini pekee. Nianzie wapi? Desemba nataka kwenda nayo kwa wakwe Ahero.

Jibu: Ndugu yangu, keekee irudi sandukuni kwanza. DT 175 bila mafuta ni karibu kilo mia moja, na hiyo ni nyepesi kwa pikipiki ya kazi. Ilipokuwa mpya ilipanda milima hiyo hiyo ikiwa na uzito huo huo. Kwa hiyo kilichobadilika si chuma. Nguvu imepotea ndani ya injini, kuna vitu vinavyovuta kwenye magurudumu, na mzigo umekaa mahali pabaya.

Piga hesabu ndogo. Pikipiki, wewe, koti la mvua, mtungi na vifaa, jumla inakaribia kilo mia mbili. Ukihangaika mpaka ukatoa kilo kumi, umepunguza asilimia tano. Injini ya tu-stroki kama hii, inayochoma oili pamoja na petroli, ikichoka na ekzosi ikijaa masizi, hupoteza nguvu zaidi ya hapo bila kukupigia kelele. Ndiyo maana pesa yako nyingi nataka iingie kwenye silinda, na uzito tuuondoe kwa spana tu, bure.

Kabla ya kufungua chochote, weka pikipiki juu ya kreti, gia huru, uzungushe kila gurudumu kwa mkono. Likisimama baada ya nusu mzunguko, breki inashika au beringi zimekufa. Pikipiki za mnada huwa zimekaa nje miezi mingi, na kamu ya breki ya dramu hushika kutu isirudi vizuri. Itoe, isugue kwa msasa, paka grisi kidogo. Cheni nayo ikiwa na viungo vilivyokauka inakula nguvu kila dakika. Kazi hizi zinahitaji nusu siku na pesa ya grisi.

Sasa injini. Toa hedi na silinda. Huna haja ya kifaa cha bei ghali kujua silinda imechakaa kiasi gani. Unahitaji ringi moja na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Ingiza ringi ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, mpaka chini kabisa ambako pistoni haichakazi sana. Pima mwanya wa ncha za ringi. Kisha ipandishe karibu na juu, chini kidogo ya pale ringi inapogeukia, upime tena. Tuseme chini umepata milimita 0.30 na juu 0.62. Tofauti ni 0.32. Gawanya kwa 3.14 na utapata 0.10, yaani silinda imepanuka kwa sehemu ya kumi ya milimita. Kwa silinda ya milimita 66 kama yako, hapo hakuna ringi mpya itakayokusaidia. Inataka kukerezwa na kuwekewa pistoni ya saizi inayofuata. Pistoni hizo hupanda kwa robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, 1.00. Angalia juu ya pistoni uliyonayo. Namba huwa imegongwa pale, na itakuambia mwenye pikipiki kabla yako alishafika wapi.

Nunua pistoni kwanza, ndipo upeleke silinda kwa fundi wa kukereza pamoja na hiyo pistoni mkononi. Akereze kufuata pistoni aliyoipima, asifuate namba iliyoandikwa kwenye boksi. Na kuna jambo moja ambalo mafundi wengi wa mashine hulisahau, kwa sababu kazi yao ya kila siku ni silinda za pikipiki za Boxer na za magari: silinda ya tu-stroki ina madirisha ukutani, ya kupitishia petroli na moshi. Baada ya kukereza, kingo za madirisha hayo hubaki kali. Ringi hujitokeza kidogo inapopita dirishani, na ikikuta ukingo mkali hukwama na kuvunjika. Mwambie azizungushe kingo zote kwa jiwe dogo, juu na chini, halafu pitisha kidole wewe mwenyewe. Kidole kikikwaruzwa, silinda irudi mezani. Wakati wa kufunga, mshale wa pistoni uelekee ekzosi, na ncha za kila ringi zikae kwenye kipini chake, la sivyo utaipasua kabla hujawasha.

Silinda ikiwa nje, shika konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, uivute juu na chini. Ikigonga, krenki inataka kazi na bajeti yako imeshaliwa hapo. Heri ujue sasa. Kucheza kidogo kando kwa kando ni kawaida.

Kisha oili sili za krenki. Hizi ndizo huua DT nyingi kimyakimya. Sili ya upande wa klachi ikipasuka, injini hunyonya oili ya giaboksi, nawe utaona moshi mweupe usiokoma na oili inayopungua bila kuvuja chini. Sili ya upande wa magneto ikipasuka, injini hunyonya hewa kavu. Hiyo haina moshi. Pikipiki inakuwa na mbio kuliko kawaida, inakataa kushuka sailensa (mzunguko wa chini) ukiachilia mkono wa petroli, halafu siku moja mlimani pistoni inakwama. Kwako ni hatari maradufu kwa sababu tayari mmeweka jeti ndogo.

Kuna kipimo cha uvujaji unachoweza kufanya nyumbani, na kwa kazi yako vifaa havitakushinda. Azima ile mashine ya kupima presha ya watu, ya mshale au ya zebaki, yenye puto la kuminya. Funga injini yote, ziba mlango wa ekzosi na wa kabureta kwa vipande vya mpira na vibanio, ziba pia mrija mdogo wa oili, shusha pistoni chini kabisa ili madirisha yawe wazi. Ingiza mpira wa mashine kwenye tundu la plagi kupitia kizibo. Jaza taratibu mpaka mshale usome kati ya 250 na 300. Usizidishe, sili hizi hazikuundwa kwa presha kubwa. Injini nzima itashikilia dakika kadhaa mshale ukishuka kidogo sana. Ukiporomoka, pakaza maji ya sabuni kwenye gasketi ya chini ya silinda, kwenye mpira wa kabureta, na nyuma ya magneto. Povu litakuonyesha. Ikiwa hakuna povu popote na mshale bado unashuka, shuku sili ya upande wa klachi. Sili ni za bei ndogo. Zibadilishe zote mbili hata kama mojawapo imepita mtihani.

Ukiwa hapo chungulia ridi, vile vijani vyembamba nyuma ya kabureta. Kikiwa na ncha iliyomeguka, au ukiona mwanga ukikiangalia dhidi ya jua, badilisha.

Ekzosi usiikate. Najua mlio wake unavutia vijana, lakini kwenye tu-stroki ekzosi ni sehemu ya injini. Lile tumbo linalopanuka kisha kubanwa hurudisha wimbi la presha linalozuia petroli mbichi isitoroke kupitia dirisha la ekzosi. Ukilikata umepata kelele na umepoteza nguvu ya mlimani, ile ile unayoitafuta. Unachotakiwa ni kuisafisha. Toa kile kiini cha nyuma, kichome moto mpaka masizi yakauke, kigonge, kisugue kwa waya. Kwangua pia dirisha la ekzosi kwenye silinda. Pikipiki iliyotembezwa miaka mingi na madereva wa ofisi, taratibu na kwa oili nyingi, huwa na ukoko mnene pale kiasi cha kuziba sehemu ya tundu. Mara nyingi hii peke yake hurudisha gia moja nzima mlimani.

Boksi ya hewa ibaki. Ukiitoa, hesabu ya hewa na petroli inavurugika, na vumbi la Molo linaingia ndani ya silinda uliyoilipia.

Kuhusu jeti, vijana wako hawakukosea. Kisumu iko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, Njoro imepita 2,100, na Molo ni juu zaidi. Hewa ya Njoro ni nyepesi kuliko ya Kisumu kwa karibu asilimia 10, kwa hiyo kabureta iliyopangwa Kisumu inamwaga petroli nyingi mno huku juu. Ndiyo sababu ilipata nafuu. Lakini ukiteremka Ahero na jeti hiyo hiyo, hewa inakuwa nzito na petroli inabaki pungufu. Kwenye barabara nyoofu ya uwanda wa Kano, mkono wazi, joto la mchana, ndiko pistoni hukwama. Wadai jeti ya zamani, uibebe, na uibadilishe Kericho kabla hujaanza kushuka. Ukifika, kimbia kilomita kadhaa, zima injini ukiwa bado kwenye mwendo huku umeshika klachi, toa plagi uiangalie. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeupe inamaanisha simama hapo hapo.

Mteremko wenyewe nao una neno lake. Ukiachilia mkono muda mrefu huku gia inazuia, injini inazunguka kasi na oili inayopata ni kidogo. Kila baada ya muda shika klachi, vuta mkono kidogo, achilia. Na hii ndiyo sababu pampu ya oili isitolewe. Pampu ile hufuata mzunguko wa injini pamoja na kamba ya mkono. Ukichanganya oili kwenye tangi, injini hupata oili pale tu inapopata petroli. Zaidi ya hayo, ukiishiwa petroli Mau Summit usiku utanunua ya chupa bila oili ya tu-stroki, na safari imekwisha. Kagua tu kwamba alama za kamba zinalingana, na utoe hewa kwenye mrija baada ya kufunga.

Uzito sasa. Chukua mizani ya kuning'inia, ile ya magunia, upime kila unachotoa. Kwenye pikipiki za ofisi utakuta keria ya vyuma vizito, vizuizi vya mbele vilivyochomelewa jua kali, stendi ya pili, vikanyagio vya abiria, bati la kulinda cheni lililotiwa viraka. Hivyo vyote ni bolti tu. Tengeneza keria fupi ya bomba jembamba, na mtungi uusogeze mbele uguse kiti, uwe chini kadiri iwezekanavyo, umesimama wima na kizibo chake kikipumua kama kawaida. Mzigo ukiwa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linaelea na wewe unadhani pikipiki ni nzito. Madigadi ya mbele iinue. Tope la Elburgon likibanwa kati ya tairi na madigadi linaongeza kilo na breki kwa pamoja.

Kutoboa fremu, sproketi au mkono wa breki ni kununua ajali kwa gramu mia mbili. Tundu la keekee ndipo ufa huanzia, hasa kwenye bomba linalotikiswa kila siku. Taa, vioo na namba pia vibaki, maana unapita barabarani. Rimu za alumini ni nzuri kweli, kwa kuwa uzito wa gurudumu ndio unaoisumbua shoki na injini kuliko uzito wowote mwingine, lakini si kwa elfu arobaini hizi.

Badala yake nunua sproketi ndogo ya mbele iliyopungua jino moja. Kama sasa ina 15, weka 14: mvuto unaongezeka kwa karibu asilimia 7, zaidi ya faida ya zile kilo kumi. Utapoteza mwendo wa juu kidogo kwenye lami. Kwa njia za wafugaji hutaukumbuka.

Pesa basi: pistoni na ringi, kukereza, gasketi, sili, ndivyo vitangulie. Kikibaki kitu, sproketi na cheni. Kikibaki tena, tairi la nyuma lenye meno. Rangi na stika ngoja mwakani. Na kabla ya yote hayo, linganisha namba ya injini na ya fremu na zile za logbook, na kama bado imeandikwa jina la ofisi, hamisha umiliki NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) sasa, kabla hujaweka hata gasketi mpya ndani yake.