Nepi za kitambaa: tazama maji kwanza
Assalamu alaykum, dada yangu wa Wete, kisiwani Pemba. Umeuliza iwapo umfunge mwanao nepi za kitambaa au umnunulie pampasi, nami naona la kutazamwa kwanza ni maji, kwani mtoto mchanga huweza kubadilishwa mara 10 kwa siku, na nyumba ambayo mfereji wake hutoa maji usiku tu itachoka mapema. Ukiwa na kisima, nunua nepi 20 hadi 24 za pamba, uzifue kila baada ya siku moja na kuzianika juani, ambako madoa hufifia yenyewe. Dawa ya kulainisha nguo iache, kwani hukifanya kitambaa kisinyonye vizuri. Wakati wa masika hazikauki upesi (mimi nilizitandaza hadi juu ya viti), hivyo weka pampasi chache za usiku na za safari ya boti.