Fungueni madirisha jamani, na mengine niliyojifunza kwa kulipa

Jumamosi nilienda kumsalimia dogo mmoja kaingia Ujerumani mwezi wa kumi, begi lake bado lina stika ya ndege. Kufungua tu mlango wa chumba nikapigwa na mvuke kama nimeingia jikoni siku ya shughuli, vioo vinatoa jasho, nguo zimeanikwa juu ya hita, na kwenye kingo ya dirisha kabana taulo. Nikamuuliza taulo la nini, akanijibu kwa kujiamini kabisa, "dada, baridi inaingia." Nilicheka mpaka nikakaa kitandani, halafu kicheko kikaisha chenyewe, maana lile taulo nalijua, nimewahi kuishi nalo na lilinigharimu hela ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashika kichwa.

Kwa hiyo naandika, kwa nyie wanafunzi mnaokuja kupanga vyumba huku Ujerumani. Mkishasoma msije tena kunipigia saa tano usiku.

1. Usitume hela kwa nyumba ambayo hujaiona wala mtu unayemwamini hajaiona. Yule mwenye nyumba mpole ambaye yuko nje ya nchi kikazi, chumba kizuri katikati ya mji, kodi nusu ya wengine, na atakutumia funguo kwa posta ukishalipa Kaution, yaani amana ya nyumba, huyo hana nyumba. Hana hata funguo. Kila muhula anakula hela ya mtu mmoja ninayemfahamu na kila muhula mtu huyo ananiambia "lakini dada alinitumia paspoti yake." Paspoti ya nani sasa?

2. Ukiona kodi kwenye tangazo uliza ni Kalt au Warm. Kodi baridi ni ya chumba kitupu, kodi ya moto imejumlisha hita na maji, sio kitu kimoja, na hata hiyo ya moto mara nyingi umeme na intaneti havimo. Sperrkonto yako, ile akaunti uliyofungiwa hela kwa ajili ya viza, kwa kiwango cha 2024 inakutemea euro 992 kwa mwezi, piga hesabu kabla hujasaini, sio baada.

3. Anmeldung, yaani kujiandikisha serikalini unapoishi. Una wiki mbili tangu kuhamia, na mwenye nyumba lazima akujazie ile fomu ya kuthibitisha kwamba unakaa kwake, yenye jina refu kuliko mkataba wenyewe, Wohnungsgeberbestätigung. Akikuambia "kukaa utakaa ila kujiandikisha hapana", shukuru, chukua koti lako, ondoka. Kuna rafiki yangu alikubali kwa sababu chumba kilikuwa karibu na chuo, akaishi miezi minne kama mzimu, hana namba ya kodi ya mapato kwa ajili ya kibarua chake, kibali cha ukaazi kinakaribia kuisha na hana karatasi ya kupeleka, na kila akisikia hatua kwenye ngazi anazima taa. Ukaribu na chuo haukumsaidia kitu, madarasani alikuwa hafiki kwa mawazo.

4. Dirisha. Hapa kaeni vizuri.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanga chumba cha chini kabisa, kwa bibi mmoja anayeishi ghorofa ya juu. Bibi mstaarabu tu. Siku ya kwanza akanipa karatasi yenye mchoro wa dirisha na mishale, na Kijerumani changu cha kuokoteza nikaelewa kwamba anataka nifungue dirisha lote, wazi kabisa, dakika tano mpaka kumi, mara mbili tatu kwa siku, hata winta. Niliikunja ile karatasi nikaiwekea chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Nje ni hasi nane, halafu mtu ananiambia nifungue dirisha, nikajua huyu bibi ana lake jambo, pengine anataka nihame mwenyewe.

Nikaziba. Taulo chini, gundi ya karatasi pembeni, hita namba 5 usiku na mchana. Nguo nafua naanika humohumo, na maharage nachemsha masaa mawili mfuniko umefunguka maana kile chumba kilikuwa na jiko pembeni ya kitanda. Nilikuwa najisikia raha, natembea na kanga ndani wenzangu wanavaa soksi mbili.

Mwezi wa kwanza nikaona vidoa vyeusi kwenye kona nyuma ya kabati. Nikafuta na kitambaa. Wiki mbili mbele vimerudi na ndugu zao. Nikafuta tena. Vilipofika usawa wa dirisha nikafanya kitu ambacho naona aibu kukiandika ila ndio maana mnanisoma: nilisogeza kabati likafunika. Nikalibana kabisa ukutani, nikapulizia manukato, nikaendelea na maisha. Kichwani mwangu doa lisiloonekana halipo. Kumbe nimelijengea nyumba, maana ule ukuta wa nje ndio wa baridi kuliko yote na sasa hewa haipiti kabisa nyuma ya kabati.

Sikujua sababu. Nilidhani nyumba mbovu, inavuja. Hakuna kilichokuwa kinavuja, nilikuwa navuja mimi. Pumzi yangu, maharage yangu, nguo zangu mbichi, yote yanageuka mvuke, na hewa ya moto inabeba mvuke mwingi, ikigusa ukuta wa baridi inauacha hapo kama chupa ya soda ikitolewa kwenye friji inavyotoa jasho. Fangasi anataka hicho tu. Ukifungua dirisha lote dakika chache unatoa hewa nzito unaingiza kavu, na kuta hazijapata muda wa kupoa. Kulilaza nusu, juu tu ndio wazi, kutwa nzima ndio vibaya zaidi, unapasha moto barabara na ukuta unapoa vilevile. Na hiyo namba 5 haipashi haraka zaidi, inaiambia tu hita isisimame mapema. Namba 3 ni kama nyuzi 20, inatosha, vaa sweta.

Machi nikaenda kutoa gauni la kitenge alilonishonea mama, nilikuwa nimelitunza kwa ajili ya sherehe ya chuo. Lilikuwa limeota manyoya ya kijivu mgongoni. Nililia siku hiyo, sikulia kwa ajili ya ukuta. Nilikuwa nakohoa tangu Januari na bado nilikuwa nawaambia watu ni mafua.

Na hata hapo sikumwambia bibi! Hilo ndilo kosa lenyewe, madirisha ni utangulizi. Mpangaji ukiona tatizo unatakiwa umjulishe mwenye nyumba mara moja, kwa maandishi, na kukaa kimya kunakugeuzia kesi. Ningemwambia Januari tungesugua na dawa tukasogeza kabati yakaisha. Mimi niliogopa atanifukuza, nikawa nikikutana naye kwenye ngazi namsalimia kwa furaha iliyozidi mpaka akawa ananiletea keki. Fikiria mtu anakuletea keki na wewe umemfugia msitu ukutani.

Siku ya kuhama akaja na mwanae wa kiume, wakasogeza kabati. Hakuna aliyesema kitu. Bibi akaniangalia, akauliza kwa sauti ya chini, "karatasi niliyokupa?" Nami nikaangalia mguu wa meza.

Kaution yangu ilikuwa 840, zikarudi 230. Nikajua basi, tumemalizana. Hatukumalizana. Mwaka uliofuata, niko mji mwingine, nimeshamsahau kila mtu, ikanifuata bahasha ya Nebenkosten, hesabu ya gharama za hita na maji za mwaka, maana wana miezi 12 baada ya kipindi cha hesabu kuisha ndio wakuletee. Hita yangu ya namba 5 ilikuwa imeandikwa yote, na nadaiwa 287 juu. Nililipa kwa mafungu. Nikamwandikia na barua ya kuomba radhi, Kijerumani kibovu lakini changu. Hakujibu ila Krismasi alinitumia kadi, ina picha ya dirisha. Sijui kama ni utani.

5. Kwa hiyo siku ya kupokea chumba piga picha kila kona, nyuma ya kabati, ndani ya friji, namba za mita, na Übergabeprotokoll, ile karatasi ya makabidhiano ya chumba, usiisaini mpaka kila mkwaruzo uandikwe. Usione aibu, wao wenyewe hawaoni.

6. Kaution haizidi miezi mitatu ya kodi baridi, na ya fedha taslimu una haki kuilipa kwa mafungu matatu. Mimi nilijua hili baada ya kulipa yote kwa mkupuo na kula mkate mtupu wiki tatu.

7. Barua za kudai Rundfunkbeitrag, ada ya redio na TV za umma, sio matapeli, zijibu. Ni euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba nzima, sio kwa kichwa, kwa hiyo kama kwenye WG, nyumba mnayopanga pamoja, kuna anayelipa, omba namba yake ya mchango uwaandikie. Ukizirundika kwenye boksi la viatu zinazaana, na mwisho wanakuja na lugha nyingine.

8. Saa nne usiku kimya. Jumapili kimya kutwa, na chupa za kioo usipeleke kwenye kontena siku hiyo, kuna mzee dirishani anakuhesabia.

9. Kuhama unatoa notisi ya miezi mitatu kama mkataba hauna mwisho, na ifike kabla siku ya tatu ya kazi ya mwezi haijapita la sivyo umejiongezea mwezi. Karatasi, saini ya kalamu. Barua pepe haihesabiki, WhatsApp ndio kabisa, na dogo aliyetuma ile voisi noti ya dakika sita anajijua.

10. Milango yao inajifunga yenyewe. Ukitoka na ndala kutupa taka bila ufunguo, fundi wa kufuli wa Jumapili usiku atakufanya ukumbuke ada ya shule ya sekondari. Mwachie mtu ufunguo wa akiba. Wangu nimemwachia yuleyule dogo wa taulo, anakaa mtaa wa pili, na jana nimejifungia nje tena. Nimempigia anakuja mbio, nikamwambia ngoja kwanza, hebu rudi ndani, dirisha umefungua?