Diski za mifereji zinanguruma: nizichonge?

SWALI: Habari fundi. Naishi Iringa, nina Subaru Forester ya mwaka 2008, na mara kwa mara nashuka mteremko wa Kitonga kwenda Morogoro. Nimebadili diski za breki za mbele nikafunga zile za mwendo kasi, zenye mifereji na matundu. Pedi nimebakiza zilezile kwa kuwa bado ni nene. Tangu hapo, nikikanyaga breki kwenye mwendo mkubwa nasikia mngurumo kama wa tairi za matope. Nikikaribia kusimama, breki zinalia kwa sauti kali. Tena gurudumu la kushoto linakwaruza hata nisipokanyaga breki. Aliyezifunga anataka zikachongwe kwenye mashine, au apake grisi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, hizo ni kelele tatu na kila moja ina chanzo chake. Ukitafuta dawa moja ya zote utaziharibu diski mpya bure.

Mngurumo wa kwenye mwendo mkubwa ni wa kawaida. Kila mfereji unapopita chini ya pedi, ukingo wa pedi hugongwa kidogo. Tairi ya Forester yako ikizunguka mara moja gari husogea karibu mita 2.1, kwa hiyo kwenye kilomita 100 kwa saa diski inazunguka kama mara 13 kwa sekunde. Ikiwa kila uso una mifereji sita, pedi inapitiwa karibu mara 80 kwa sekunde, na sikio linausikia kama mngurumo mzito. Ukipunguza mwendo, nao unashuka. Ukiachia pedeli, unakoma. Mngurumo ukiwa na tabia hizo mbili, usiuhangaikie. Ndiyo kazi ya mifereji: kufagia vumbi na maji na kuukwangua uso wa pedi usigande na kuwa kama kioo. Hakuna fundi atakayeuondoa mngurumo huo huku mifereji ikibaki.

Kulia karibu na kusimama ni jambo lingine, na hapa nazituhumu pedi za zamani. Pedi iliyotumika imeshalika kwa kufuata umbo la diski ya kwanza. Ukiikutanisha na diski mpya inashika sehemu chache tu, inanasa na kuachia maelfu ya mara kwa sekunde, na mtetemo huo ndio mlio unaousikia. Diski mpya hufungwa na pedi mpya, hata kama za zamani bado ni nene. Ukienda kununua, omba za barabarani za kawaida. Pedi za mashindano hulia zikiwa baridi na hazishiki vizuri mpaka zipate joto.

Wakati wa kufunga, simama pale uangalie. Pedi nyingi huja na vibati vyembamba vya kubandika mgongoni pamoja na klipu za chuma za kukaa kwenye kishikio cha kalipa, yaani kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski. Nimeona gereji nyingi zikivitupa kwa kudhani ni urembo, kisha mteja anarudi na kelele na pedi inasuguliwa kwenye sakafu ya saruji. Usikubali. Vibati na klipu ndivyo vinavyoizuia pedi isitetemeke. Grisi ina nafasi yake, lakini iwe ya breki inayostahimili joto, ipakwe kidogo mgongoni mwa pedi na kwenye pini za kalipa. Ikigusa uso wa diski au wa pedi, unaweza kukanyaga breki na gari lisisimame.

Kabla diski haijarudi, habu, yaani kitovu cha gurudumu ambapo diski hukaa, isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka kutu iishe. Kipande kidogo cha kutu hapo kinaifanya diski iyumbe. Baadaye tafuta barabara tupu uzizoeshe breki: toka kilomita 80 hadi 20 kwa saa, mara nane hadi kumi, bila kusimama kabisa. Kisha endesha dakika kadhaa bila kukanyaga breki zipoe.

Mkwaruzo wa kushoto ndio wa kushughulikia leo. Inua gurudumu kwa jeki, weka stendi, lizungushe kwa mkono. Mara nyingi ni bati la vumbi nyuma ya diski lililopinda wakati wa kazi, au kokoto iliyonasa hapo. Unalivuta bati kidogo kwa mkono na kelele inakwisha. Lakini gurudumu likiwa zito kuzunguka, au rimu ya kushoto ikiwa na joto kuliko ya kulia baada ya safari fupi, pini za kalipa au pistoni imekwama. Na sauti ikibadilika unapokata kona, pima beringi.

Ukiwa hapo, chungulia ukingo wa diski. Kama mapezi ya ndani, yaani kuta nyembamba za kupitisha hewa katikati ya nyuso mbili za diski, yamepinda, basi kwenye sehemu ya juu ya diski yanapotoka katikati kwenda nje yanapaswa kulala kuelekea nyuma ya gari. Yakielekea mbele, diski za kulia na kushoto zimebadilishana na hazipoi inavyotakiwa. Fuata mapezi, mwelekeo wa mifereji usikuchanganye.

Matundu kwa kweli siyapendi kwa mtu anayeshuka Kitonga. Chuma kikipata joto na kupoa tena na tena, nyufa huanzia kwenye matundu. Ukiona ufa unaounganisha matundu mawili, au uliofika ukingoni, diski hiyo itolewe. Kwa mteremko ule ningekushauri diski isiyo na matundu, gia ya chini tangu juu kabisa, na mafuta ya breki mapya. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155.

Kuhusu kuchonga, kataa. Diski ni mpya, na kuchonga kutapunguza unene unaobeba joto na kina cha mifereji, huku mngurumo ukibaki palepale. Anza na bati la kushoto, kisha kanunue pedi.