Kisu kisichopita kwenye kinoo

SWALI: Mhariri, mimi hunoa visu na mikasi hapa Gikomba, Nairobi. Mteja wangu mmoja, ambaye ni muuguzi, ameniambia kwamba kuna visu vidogo vya kupasulia jicho ambavyo makali yake hayakutokana na kinoo chochote. Hupatikanaje? Nami naweza kuvitengeneza kibandani kwangu?

JIBU: Muuguzi huyo hakukudanganya. Visu hivyo hutengenezwa kwa silikoni, ile ile ya chipu za simu, na ufundi wake umetoka huko huko kwenye chipu.

Wewe unaponoa, unakikwaruza chuma, na hata jiwe liwe laini namna gani, makali yakitazamwa kwa hadubini yana meno kama ya msumeno. Silikoni huliwa na kemikali. Fundi huchukua kisahani cha silikoni cha fuwele moja, yaani atomi zake zote zimepangwa kwa mpangilio mmoja, chenye unene wa nusu milimita hivi, akakivika utando mgumu, akapaka juu yake dawa inayobadilika ikipigwa na mwanga, akaweka kiolezo chenye umbo la kisu na kumulika kwa mwanga wa urujuanimno. Kisha huondoa utando pale tu anapotaka paliwe.

Utamu wa kazi uko hapa. Kisahani huzamishwa katika maji yenye hidroksidi ya potasiamu, yaliyopashwa moto hadi nyuzi 80 hivi za Selsiasi, nayo silikoni huliwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) moja na ushei kwa dakika. Kuutoboa unene wote huchukua saa nyingi. Lakini hailiki sawasawa kila upande, kwa sababu atomi zake zimepangwa kwa matabaka, na lipo tabaka lililoshikamana mno hata likaliwa polepole zaidi ya mara mia kuliko mengine. Kwa hiyo shimo hubaki na kuta zilizoinama kwa pembe ya digrii 54.7, ambayo haikuamuliwa na mkono wa mtu, na ukuta huo unapokutana na uso wa chini wa kisahani, makali huzaliwa.

Kwa daktari wa macho, pembe hiyo ni nene mno. Ndiyo maana ipo njia nyingine: mtelemko mwembamba huchongwa kwanza kwa mashine, kisha asidi inayokula pande zote sawa huondoa mikwaruzo.

Kibandani usijaribu. Hidroksidi hiyo ya potasiamu hupofusha, na asidi ya haidrofloriki, inayotumika sana katika kazi hii, hupenya ngozi hadi mfupani, pengine kabla hujahisi maumivu. Tena chembe moja ya vumbi la Gikomba ikitua kwenye dawa ile, umbo limeharibika.

Wala usitarajie wateja wa kuvinoa. Silikoni ni ngumu lakini huvunjika kama kioo: makali yakigonga sinia tu humeguka, nacho kisu hutupwa.