Ningerudi Kemondo, Mei 1996
Umeuliza tukipewa nafasi ya kurudi nyuma kumwokoa mtu tungeenda lini, mi wala sifikirii mara mbili, bandarini Kemondo jioni ya tarehe 20 Mei 1996, namshika mkono shangazi aliyenilea namwambia shuka melini, twende na basi hata tule vumbi njia nzima. Hiyo meli ya Ziwa Victoria, MV Bukoba, ilikuwa ya abiria 430 hivi ikajazwa kupitiliza, asubuhi ikapinduka karibu na Mwanza, na kuna watu walikuwa hai ndani, waokoaji walipotoboa tu meli hewa ikatoka ikazama jumla. Hapo ndo huwa naumia zaidi.

Ila baada ya msiba nilipelekwa Mwanza kwa baba mdogo, ndo nikakutana na mama watoto wangu, sasa nikimshusha shangazi wanangu je? Bado ningemshusha, af nimwombe tuhamie wote Mwanza.